Picha Yako Inapokutaja: Majibu ya Maswali Yenu

Nikipiga picha kwa simu, mtu anaweza kujua nilikuwa wapi hata kama nyuma yangu hakuna kinachoonekana?

Anaweza, ikiwa kamera yako imeruhusiwa kutumia GPS. Ndani ya faili ya picha hukaa taarifa ziitwazo EXIF: tarehe, saa, aina ya simu na, ukiwa umeruhusu, latitudo na longitudo za pale uliposimama. Desemba 2012 jarida la Vice liliweka mtandaoni picha ya John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi vya kompyuta, wakati polisi wa Belize walipokuwa wakimtafuta. Taarifa zilizokuwa ndani ya picha hiyo zilionyesha kuwa yuko Guatemala, na muda mfupi baadaye alikamatwa hukohuko. Fungua mipangilio ya kamera yako leo na uzime sehemu ya mahali.

Nasikia mitandao ya kijamii huzifuta taarifa hizo. Basi niko salama?

Facebook, Instagram na X huziondoa kwenye nakala wanayoiona wengine, ingawa kampuni yenyewe huwa imeshazipokea. WhatsApp nayo huziondoa ukituma picha kwa njia ya kawaida. Ukiituma kama hati ili isipungue ubora, au ukiiambatisha kwenye barua pepe, picha hufika ikiwa na taarifa hizo zote.

Nyuma yangu kuna ukuta na kilima tu. Nani atapatambua?

Hapa ndipo naomba mtulie kidogo, maana wengi huogopa GPS na kusahau macho ya watu. Mwaka 2018 waandishi wa BBC Africa Eye walichunguza video ya wanajeshi wakiwaua wanawake wawili na watoto. Walilinganisha mstari wa milima iliyoonekana nyuma na picha za setilaiti, wakapapata mahali penyewe kaskazini mwa Kamerun. Vivuli vya watu vikawasaidia kukadiria ni kipindi gani cha mwaka 2015. Kazi hiyo ilitetea haki, lakini mbinu hizohizo ziko wazi kwa mwenye nia mbaya pia. Japani, mwaka 2019, mwanamume aliyekamatwa kwa kumshambulia mwimbaji wa kike aliwaambia polisi kwamba alikuza selfi ya mwimbaji huyo, akaona kituo cha treni kikiakisiwa kwenye mboni za macho ya mwimbaji, kisha akakitafuta kwenye Google Street View, huduma ya picha za barabarani kwenye ramani za Google.

Na mara nyingi si picha moja inayokufichua. Leo umeonyesha dirisha lako, wiki ijayo kituo unachopandia basi, mwezi ujao kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni. Anayekufuatilia huziweka pamoja zote. Ndiyo maana nasisitiza: posti ukishaondoka mahali hapo, na upitie picha zako za zamani kwa jicho la mtu asiyekupenda.

Nikiufunika uso kwa ukungu inatosha?

Inategemea umefunikaje. Mwaka 2007 Interpol ilisambaza picha za mtuhumiwa wa unyanyasaji wa watoto aliyekuwa ameuvuruga uso wake kwa kuuzungusha. Wataalamu wa Ujerumani waliurudisha ukaonekana, naye akakamatwa Thailand. Na mwaka 2023 iligundulika kuwa skrinshoti zilizokatwa kwa programu ya simu za Google Pixel zingeweza kurudishiwa sehemu iliyokatwa. Funika kwa rangi moja nzito, kisha upige skrinshoti ya picha hiyo na utume hiyo. Kumbuka pia tatuu, sauti na nguo ambazo watu wanazijua.

Natumia jina la bandia, lakini picha ya wasifu ni ileile ya akaunti yangu ya kazi.

Ibadilishe. TinEye na Google Lens hutafuta picha ileile kwingineko, na PimEyes hutafuta uso wenyewe hata kwenye picha tofauti.

Dada yangu huposti picha za mwanangu akiwa na sare ya shule. Nimwambieje bila kugombana?

Mwambie mkiwa wawili, si kwenye maoni mbele ya watu. Mshukuru kwa kumpenda mtoto, kisha umwonyeshe nembo ya shule kwenye sare, na saa aliyoposti: mgeni ameshajua mtoto yuko wapi na hutoka saa ngapi. Najua ndugu huumia wakikatazwa, lakini mtoto hawezi kujikatalia mwenyewe, na katika hili wewe mzazi ndiye mwenye neno la mwisho. Mwombe afute zilizokwisha kuwekwa, na zijazo zionekane na familia tu. Akikataa, kwenye mitandao mingi unaweza kuripoti picha ya mtoto wako ukiwa mzazi na kuomba iondolewe.