Hesabu karatasi kwanza: maswali yenu kuhusu jarida la sanaa la mtaani

Tuna mashairi na picha za kurasa 30. Steshenari wanatuambia "haigawanyiki". Wana maana gani? (Kikundi cha vijana, Mikindani)

Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne za A5. Kwa hiyo jarida la pini huwa na kurasa 28, 32 au 36, na 30 haipo. Ongezeni mbili mfike 32, ambazo ni karatasi 8 kwa nakala, ukiacha kava. Rimu ina karatasi 500. Nakala 60 zinakula 480, na 20 zinazobaki ni za kuharibika. Zitaharibika tu.

Kabla ya kupanga chochote kwenye kompyuta, kunjeni karatasi 8 tupu, mziingize moja ndani ya nyingine, mwandike namba za kurasa kwa kalamu kisha mzitenganishe. Mtaona karatasi ya nje ina 32 na 1 upande mmoja, 2 na 31 upande wa pili. Kila jozi ikijumlishwa inatoa 33. Ikitoka jumla nyingine, kuna ukurasa umekaa pasipo pake. Kitabu hicho cha majaribio nendeni nacho steshenari, na mwambieni fundi ageuze karatasi kwa upande mfupi. Akigeuza kwa upande mrefu, nusu ya kurasa zitasimama kichwa chini.

Picha inayotanda kurasa mbili, tuseme duara zima la wacheza ngoma ya sindimba, iwekeni 16 na 17 tu. Hapo ndipo kurasa mbili zinazotazamana ziko kwenye karatasi moja. Kwingine kote nusu mbili za picha zinachapwa kwenye karatasi tofauti, na mchezaji wa katikati atakatika kiuno.

Maandishi yakae angalau milimita 10 kutoka ukingoni. Printa nyingi hazifiki ukingoni kabisa, na karatasi za katikati husukumwa nje kidogo na mkunjo, kwa hiyo mkinyoosha ukingo kwa wembe ndizo zinazokatwa zaidi.

Vinyago vya mpingo kwenye kopi vinatoka madonge meusi. Simu yetu ni nzuri. (Newala)

Simu haina kosa. Mpingo ni mweusi na umeng'arishwa: flashi inautia madoa meupe, jua la mchana vilevile, na sehemu iliyobaki inazama gizani. Ukiweka shuka jeupe nyuma unazidisha tatizo, maana kamera inaona weupe mwingi na kujipunguzia mwanga.

Weka kinyago mezani kando ya dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, nyuma yake kitambaa cha kijivu au amerikani lisilofuliwa likang'aa. Upande wa pili simamisha karatasi ya manila nyeupe irudishe mwanga kwenye kivuli. Gusa kinyago kwenye kioo cha simu, ongeza mwanga mpaka alama za patasi zionekane kwenye kila sura. Kwa mnara wa ujamaa, kile kinyago cha watu waliobebana, hapo ndipo kazi yote ilipo: usipoona mtu wa chini anapoishia na wa juu anapoanzia, piga tena.

Picha ya upana mzima wa A5 inahitaji pikseli 1,750 hivi kwa upana. Ikitumwa WhatsApp kama picha inabanwa, basi itumwe kama faili. Na chapeni nakala zote kutoka kwenye faili. Kopi ya kopi hupoteza kijivu chote, na mpingo hauna kijivu cha kupoteza.

Barakoa za mapiko, zinazovaliwa kwenye ngoma za Wamakonde, ni jambo jingine. Zina mambo ya jando ndani yake, muulizeni mwenye barakoa na wazee kabla ya kutoa simu mfukoni.

Hatuna stepla ndefu, na kava letu linapasuka kwenye mkunjo. (Lindi mjini)

Fungua stepla ya kawaida iwe bapa, laza jarida juu ya ndala kuukuu, kava likitazama juu, piga pini mbili kwenye mstari wa mkunjo. Nyanyua taratibu, kunja miguu ya pini kwa mgongo wa kijiko.

Uzi unadumu zaidi. Toboa matundu matatu, la katikati na mengine sentimita 6 juu na chini yake. Anzia ndani, toka katikati, ingia juu, shuka kwa ndani utoke chini, rudi katikati uingie, funga fundo juu ya ule uzi mrefu uliopita ndani. Tumia uzi wa fundi viatu, ila usiwe wa nailoni, maana fundo lake huteleza.

Kava hupasuka kwa sababu nyuzi za karatasi ya A4 mara nyingi hulala kwa urefu, nanyi mnazikunja kwa kuzivunja. Pitisheni kalamu iliyoisha wino kando ya rula kabla ya kukunja.

Tuuze kwa bei gani? (Masasi)

Tufanye kopi ni shilingi 100 kwa upande. Karatasi 8 zina pande 16, ni 1,600, kava la rangi 1,000, uzi 50: jumla 2,650. Ongeza sehemu ya kumi ya kuharibika, ni kama 2,900. Wengi huishia hapo, wakauza 3,000 na kuona wamepata faida. Lakini kati ya nakala 60, tuseme 15 mnawapa wasanii bure. Zile 45 lazima zilipe gharama ya zote 60, ambayo ni 174,000, yaani karibu 3,870 kila moja. Bei ya 4,000 haina tamaa yoyote. Tokeni Oktoba au Novemba, pesa ya korosho ikiwa mikononi mwa watu.

Lazima leseni? Na msanii akija kudai? (Tandahimba)

Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka machapisho ya habari yawe na leseni, na majarida yamo. Nendeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri na kitabu chenu cha majaribio, awaelekeze kabla hamjachapa.

Kununua kinyago si kununua haki ya kuchapa picha yake. Hakimiliki inabaki kwa mchongaji. Karatasi moja inatosha: jina lake, kazi gani, toleo hili pekee, nakala ngapi za bure, sahihi. Aliyepiga picha naye atie yake.

Masika printa inakwama kila karatasi ya tatu. (Nachingwea)

Karatasi imenyonya unyevu ikajikunja. Rimu ifunguliwe siku ya kuchapa, na iliyobaki ifungwe ndani ya nailoni, juu ya meza, si sakafuni.