Mkate mkubwa, mkono mwepesi: je, napunjwa?

SWALI: Assalaam aleikum mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Likoni. Kila asubuhi nanunua mkate wa slesi wa gramu 400 duka la jirani. Kuna aina mbili, bei moja. Wa kwanza umevimba hata karatasi imebana, lakini ukiubonyeza unanywea wote. Wa pili mfupi, na mkononi wahisi kitu. Watoto wanalilia ule mkubwa. Je, nanunua hewa? Na mbona nikiutia kwenye friji unakauka, ilhali friji ni ya kuhifadhi?

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Hewa unainunua, tena katika mikate yote miwili, na hiyo peke yake si dhuluma. Mkate wa bati uliookwa vizuri hufikia kama mililita 4 kwa kila gramu. Kwa hiyo mkate wa gramu 400 hujaa lita 1.6. Ukiokwa mwingine wa uzito huohuo ukaishia mililita 3 kwa gramu, utakuwa wa lita 1.2 tu, na unga uliomo huenda ni uleule.

Hamira hula sukari na kutoa gesi, nayo protini ya ngano iitwayo gluteni, ikishakandwa, hutanda na kuishika gesi hiyo isitoroke. Protini ikiwa dhaifu, mkate hauumuki sana. Kenya hailimi ngano ya kutosheleza, basi wasagaji huchanganya ile ya Narok na Uasin Gishu na ya kutoka ng'ambo, na sifa za unga hubadilika shehena hata shehena. Mwokaji husawazisha kwa viboreshaji: vitamini C, vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ndani ya unga), na viungo vya kushikanisha mafuta na maji. Hivyo vya mwisho ndivyo hasa vinavyoupa mkate wa watoto wako ule ulaini wa kunywea. Kwa hiyo kubonyeza mkate dukani hakukwambii kama umetoka tanurini leo au juzi. Tazama tarehe.

Mimi ninapotilia shaka si kwenye hewa, ni kwenye maji. Mkate wa gramu 400 una unga kama gramu 260, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Kinyunya chake, yaani unga uliokandwa kabla ya kuokwa, hupimwa kikiwa na gramu 450 hivi, kwa sababu zaidi ya sehemu moja ya kumi hutoka kama mvuke wakati wa kuoka na kupoa. Mwokaji anayetaka kubana matumizi ana njia mbili. Akipunguza kinyunya, mizani itamfichua. Lakini akizidisha maji, au akiutoa mkate tanurini mapema, gramu zinatimia na anayelipia maji ni wewe. Utaujua kwa kula: slesi inanata kwenye kisu na kwenye fizi, ukiifinya inakuwa donge lisilorudi, na koga inaanza mapema kuliko kwa mwenzake. Mkate wako mfupi ukiwa na dalili hizo, ule uzito si wa kushangilia. Usipokuwa nazo, basi ni mkate mzuri tu ulioumuka kidogo, na kwa kuchovya kwenye chai mimi ningeuchukua huo.

Kwa upande wa gramu, omba mizani ya duka upime mikate mitatu au minne ya aina moja kwa siku tofauti. Mmoja ukipungua kidogo si ushahidi, maana mashine za kukata kinyunya hazilingani kabisa. Ikiwa yote iko chini ya kilichoandikwa, wapelekee maafisa wa vipimo na mizani wa kaunti, pamoja na karatasi yake yenye tarehe.

Ukipiga hesabu ya bei, kilo 2 za unga hutoa mikate saba hivi. Linganisha bei ya mfuko huo na ya mikate saba, uone pengo. Usidhani lote ni faida: humo mna moto wa tanuri, mafuta, sukari, karatasi, gari la alfajiri, fungu la mwenye duka, na mikate isiyouzika inayorudishwa. Kodi ya VAT haimo kwenye mkate wa kawaida. Pendekezo la kuutoza asilimia 16 katika Mswada wa Fedha wa 2024 liliondolewa Juni mwaka huohuo.

Sasa friji. Mkate hauchakai kwa kukosa maji pekee. Wanga uliolainika kwa moto hujipanga upya na kuwa mgumu, na baridi ya friji, kama nyuzi 4, huharakisha jambo hilo. Baridi ya kugandisha hulizuia. Kwa hiyo wa kula leo na kesho uache nje umefungwa, na slesi zinazobaki zitie kwenye friza, uzichome zikiwa bado zimeganda. Joto hulainisha wanga tena, ila kwa muda mfupi, basi ziliwe palepale. Kwa joto letu la pwani, ukikuta mkate unanuka kama nanasi lililoiva kupita kiasi na ndani una utelezi wa kuvutika nyuzi, utupe wote. Hao ni bakteria ambao mbegu zao hustahimili moto wa tanuri, na kuuchoma tena hakuwaondoi.