Kwa Mnaoanza Kumsoma Spinoza

Wengi huanza kumsoma Spinoza, mwanafalsafa Myahudi wa Uholanzi wa karne ya 17, na Ethics kwa kuwa ndicho kitabu chake kikuu. Nami nilianza hapo, nikamaliza muhula mzima nikihangaika na hoja zake bila kujua anabishana na nani. Kiwekeni pembeni kwanza.

Anzeni na tangazo la kumtenga, la Julai 27, 1656. Ni fupi, la Kireno, la Wayahudi wa Amsterdam wenye asili ya Ureno na Hispania. Spinoza alikuwa na miaka 23. Wanamlaani mchana na usiku, alalapo na aamkapo. Mtu asiseme naye, asimkaribie ndani ya dhiraa nne, asisome alichoandika. Wanamshtaki kwa uzushi; sasa tafuteni humo uzushi wenyewe ni upi. Haukutajwa. Kwa hiyo anayewaambia kwa uhakika kwamba alitengwa kwa kosa fulani, mwulizeni kalipata wapi. Mara nyingi hukisia kutokana na kitabu chake Tractatus Theologico-Politicus, kilichotoka 1670 bila jina lake.

Kitabu hicho ndicho cha kukaa nacho. Fungueni Kumbukumbu la Torati 34. Musa anakufa, anazikwa, na tunaambiwa hakuna ajuaye kaburi lake “hata leo”. Leo ya nani? Ibn Ezra, mfafanuzi Myahudi wa Biblia wa karne ya 12, aliligusa kwa mafumbo. Spinoza akalisema waziwazi: si Musa aliyeviandika vitabu vitano vya Torati, na yaelekea mwandishi ni Ezra, yule wa Biblia. Uzushi wake ulitoka ndani ya elimu ya Kiyahudi yenyewe, kwa mtu aliyekijua Kiebrania na wafafanuzi wa Biblia.

Kilichouma zaidi, kwa maoni yangu, ni hoja kuhusu Sheria. Alisema Sheria ya Musa ilikuwa ya dola. Dola ilipoanguka, haikuwafunga tena Wayahudi. Someni hapo hapo Jerusalem, kitabu cha 1783 cha Moses Mendelssohn, mwanafalsafa Myahudi wa Ujerumani. Anakubali kwamba dini isiwe na nguvu ya kumlazimisha wala kumtenga mtu, lakini anashikilia kwamba Sheria bado inamfunga Myahudi. Mvutano huo haujaisha hadi sasa.

Mtakutana pia na Ben-Gurion, waziri mkuu wa kwanza wa Israeli, aliyetaka miaka ya 1950 Spinoza arudishiwe heshima yake, na watu watawaonyesha sura ya 3 ya Tractatus, panaposemwa Wayahudi wanaweza kusimamisha tena dola yao. Isomeni sentensi hiyo tangu mwanzo. Inaanza na sharti: kama misingi ya dini yao isingewalegeza mioyo.