Jibu: Kuunganisha nyaya za mota bila kulehemu

Ndugu, umeuliza konekta gani itashika nyaya za mota kwenye bredibodi (ubao wenye matundu wa kujaribia saketi) bila kulehemu. Matundu ya bredibodi yako umbali wa milimita 2.54 na yanataka waya mgumu wa uzi mmoja. Wa nyuzi nyingi hujikunja tu. Nunua teminali za skrubu zenye nafasi ya milimita 5.08, yaani mara mbili kamili ya 2.54. Kagua pini zake kwanza: nyingi ni fupi, hazishiki.

Ila mota ikivuta zaidi ya ampea 1, tafadhali usiipitishe kwenye bredibodi, klipu za chuma ndani ya matundu zinaweza kuungua. Unganisha betri, draiva (saketi inayoendesha mota) na mota kwa WAGO 221, konekta yenye kikono: unainua kikono, unachomeka waya, unakishusha. Inashika hata nyuzi nyembamba, na unaitumia tena na tena.