Ukiambiwa utachomwa kontrasti kabla ya CT scan

Hapa Tanga, mgonjwa akirudi nyumbani na habari kwamba kwenye CT scan (kipimo cha mionzi kinachopiga picha za ndani ya mwili) atachomwa kontrasti, yaani dawa ya kufanya picha zionekane vizuri, majirani huanza: hiyo dawa inaua figo, usikubali. Nimemsindikiza mama mdogo kwenye kipimo hicho, na hofu hiyo ilikaribia kumfanya aghairi. Ndiyo maana naandika.

Bila kontrasti, mishipa ya damu na nyama zinazoizunguka hutoka kwenye picha zikiwa karibu sawa, na uvimbe mdogo unaweza usionekane kabisa. Dawa ya CT scan ina ayodini, ambayo huzuia mionzi, kwa hiyo damu inapopita panang'aa. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, hutumia dawa nyingine, yenye gadolini. Ile ya kunywa ya kupigia picha ya umio na tumbo mara nyingi ni bariamu. Kama moja iliwahi kukudhuru, taja na kipimo ulichofanyiwa, maana dawa hizi si ndugu.

Mama mdogo akila kamba, midomo inamvimba. Shoga yake wa Ngamiani alishamwambia: "Wewe wa kamba, ayodini itakumaliza." Pwani yetu hii imani hiyo imeenea mno, na si kweli. Mzio wa kamba unatokana na protini ya kamba mwenyewe. Ayodini tunaila kila siku kwenye chumvi. Mzio wowote ulio nao utaje, pumu pia, lakini kamba peke yake si sababu ya kukataa kipimo.

Swali zito ni hili: umewahi kuchomwa kontrasti ukatokwa na vipele, ukavimba uso au ukabanwa na pumzi? Hilo lisemwe kabla hujalala kitandani. Madhara makali ni nadra, lakini aliyewahi kuyapata yuko kwenye hatari zaidi.

Kuhusu figo, hofu ina chembe ya ukweli ila imekuzwa. Mwenye figo nzima hana sababu ya kuogopa. Mwenye ugonjwa wa figo, hasa zikiwa zimedhoofika sana, apimwe kwanza kretinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, daktari aamue. Mgonjwa wa kisukari anayemeza metfomini aseme. Figo zikiwa mbovu huambiwa aiache kwa saa 48 kisha apimwe tena. Asiiache kwa uamuzi wake. Mjamzito na mwenye tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi nao waseme. Anayenyonyesha anaweza kuendelea, kwani kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo mno.

Dawa ikiingia, unahisi joto likikupitia ghafla kutoka kooni hadi kinenani, na mdomoni kunakuja ladha ya chuma. Mama mdogo aliita, "Jamani, nimejikojolea!" Akapapasa kanga yake: kavu. Joto hilo ni la kawaida na hupita upesi. Lakini mkono ukiuma na kuvimba penye kanula, ule mrija mdogo wa kuingizia dawa mshipani, piga kelele hapo hapo, dawa inaweza kuwa inavuja nje ya mshipa.

Baada ya kipimo usikimbilie daladala. Kaa kama nusu saa wakuangalie, na kunywa maji kama hujakatazwa. Vipele vinaweza kutokea hata kesho yake. Rudi ukaonyeshe, na uombe jina la dawa liandikwe kwenye daftari lako la hospitali.