Jibu: Usafiri wa anga na biashara pale Sydney
Ndugu yangu, umeuliza kama kusoma usimamizi wa usafiri wa anga pamoja na biashara pale UNSW (Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney, Australia) kutakupa leseni ya urubani. Hapana. Wanaojifunza kurusha ndege wana kozi yao, na mazoezi yao yapo uwanja wa ndege wa Bankstown. Wewe utashinda darasani kwenye kampasi ya Kensington ukipiga hesabu: ndege ya viti 180 imeondoka na abiria 126, yaani asilimia 70. Je, nauli zao zinalipa mafuta, ada za viwanja na gharama ya kukodi ndege yenyewe? Hapo ndipo uhasibu unapokubeba. Mimi nakushauri uichukue kozi hiyo ya usimamizi na biashara, na upande wa biashara uchague fedha. Ila ulizia ada ya wanafunzi wa kigeni mapema, ni nzito mno.