Iwapo Buddy Holly asingepanda ndege ile

Ndugu muulizaji, umeuliza namna ya kuandika historia mbadala ambamo Buddy Holly, mwanamuziki wa rock and roll wa Marekani, hafi katika ajali ya ndege ya tarehe 3 Februari 1959, pamoja na chati za nyimbo za miaka inayofuata, bila msomaji kukutilia shaka. Nakushauri ubadilishe jambo moja dogo tu: kipasha joto cha basi la wanamuziki kisiharibike, kwa kuwa ni baridi kali ya safari hiyo iliyomfanya Holly akodi ndege baada ya onyesho la Clear Lake, Iowa. Ritchie Valens, mwanamuziki mwenzake wa miaka 17 aliyekufa katika ajali hiyo hiyo, naye atabaki hai, na tafadhali usimsahau. Usimpe Holly namba moja kila mwezi. Wimbo wake ulioongoza chati ya Uingereza mwaka 1959 ulifika kileleni baada ya kifo chake, na huenda bila msiba ule usingefika. Mfuate New York, alikohamia na kurekodi pamoja na okestra ya fidla Oktoba 1958, kwani naamini kwa dhati kwamba mtu aliyekwisha kumtayarishia mwanamuziki Waylon Jennings rekodi yake ya kwanza angezidi kuwavumbua wengine.